Mbega Thelathini na Mmoja

12 Mei, Jumapili

Daftari la zamani limejaa. Hili mume wangu Vitus amenunua Mazwi anakofanya useremala, akaniletea jana. Hesabu za mbega naziandika kwenye fomu za halmashauri, na mambo ya kamati ya msitu, ambayo mimi ni katibu wake, yana kitabu chake. Hapa ni pangu mwenyewe.

Mvua imekatika mapema. Ya mwisho iliyoloanisha ardhi ilinyesha tarehe 19 Machi. Mwaka jana ilitufuata hadi wiki ya pili ya Mei.

Leo baada ya misa kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu Msitu wa Kalumbi. Ni msitu mdogo, unazungukwa kwa nusu saa, lakini ndio uliobaki upande wetu wa Ufipa wenye mbega wekundu, na nyasi zilizouzunguka ndizo malazi ya tohe, swala wa nyasini. Miaka miwili iliyopita moto uliingia kutoka mbugani na mbega wakapungua kutoka 44 hadi 26. Nani aliwasha haikujulikana. Watu walimtaja Minza, mama wa Kisukuma mwenye ng'ombe aliyehamia hapa na watoto wake. Wafugaji huchoma ili nyasi zichipue, kwa hiyo ni yeye. Ushahidi ulikuwa huo tu.

Mwenyekiti Felisiani alitaka muhtasari usomeke hivi: kaya ya wafugaji itakayosababisha moto kuingia msituni iondoke kijijini. Timoth, bwana wanyamapori, akasema azimio haliandikwi hivyo, halichagui watu. Nikaandika "kaya yoyote", nikaongeza "kabla ya mvua za kwanza". Watu wakanyoosha mikono huku wakimtazama Minza. Na mimi nilinyoosha.

15 Mei

Mbega 30. Huenda 31, kuna jike amekumbatia kitu.

20 Mei

Tumeng'oa maharage na Baba mkwe. Mzee Gaudensi ana miaka sabini na mbili lakini bado ananiacha nyuma. Shamba lake lipo kusini mashariki mwa msitu na lote ni intumba, matuta ya duara ya Kifipa. Hatuchomi nyasi sisi. Mwishoni mwa mvua tunazikata, tunazipanga chini kwa mduara, tunazifunika kwa udongo na kupanda maharage juu. Zinaoza humo ndani, na mvua ya Novemba ikija tunalibomoa tuta na kutawanya udongo wake kwa ajili ya ulezi.

Nilitia mkono kwenye tuta lililobomoka. Nyasi za ndani ni kavu kama za godoro. Nilimwonyesha Baba.

"Zitaoza," alisema. "Nyasi hazina haraka. Wewe ndiye una haraka."

2 Juni

Baridi. Maji ya kwenye ndoo yaliniumiza vidole.

15 Juni

Mbega 31. Ni mtoto kweli. Asubuhi za baridi hupanda juu kabisa kuota jua, mikono wameikunja kifuani kama wazee kanisani, na kuwahesabu inakuwa rahisi. Nimerudia mara tatu.

28 Juni

Tumelima barabara ya moto kuuzunguka msitu, upana hatua nane, hadi udongo mtupu. Minza alikuja na majembe mawili na binti yake mkubwa. Watu wakajipanga wakaacha nafasi kushoto na kulia kwake, kama mtu mwenye surua.

"Leo mwizi anasaidia kutengeneza kufuli," alisema Felisiani. Watu wakacheka.

Minza hakusimamisha jembe. "Mwenyekiti, kufuli iliyotengenezwa na mwizi ndiyo haifunguki."

Wakacheka zaidi. Felisiani akacheka pia, lakini akiwa amechelewa.

Tulipofika shamba la Baba mkwe, alisema hapo hapahitaji kulimwa. Shamba zima ni udongo juu, pana kuliko barabara yoyote ya moto, na moto haujawahi kuvuka intumba tangu babu yake. Niliona yuko sahihi. Nimeandika kwenye kitabu cha kamati: hatua 210 hazikulimwa, matuta yanatosha.

14 Julai

Upepo wa kusini mashariki siku ya tano. Umeng'oa bati moja la jiko.

15 Julai

Mbega 31. Tohe wanne.

3 Agosti

Moshi upande wa Malangali. Tulikimbia na matawi hadi kilimani. Ulikuwa wa watu wanaochoma matofali. Tumerudi tukicheka.

15 Agosti

Mbega 31. Mtoto anaruka mwenyewe sasa, tawi hadi tawi, na mama yake haangalii tena.

16 Agosti

Baba kafukiza panya kwenye matuta ya juu. Saba. Tumekula na ugali wa ulezi.

17 Agosti

Upepo.

18 Agosti, Jumapili

Nikitoka kanisani nilisikia harufu ya moshi. Nimezunguka barabara yote ya moto na sikuona kitu. Upande wa chini nilimkuta Minza akinywesha ng'ombe. Alisema yeye ameisikia tangu jana.

"Si wa nyasi huu, Katibu. Moshi wa nyasi unapanda. Huu unatambaa. Kuna kitu kinaungua chini."

Nilitazama zizi lake. Wafugaji huchoma samadi kufukuza nzi. Aliona macho yangu yalikokwenda.

"Sijachoma samadi tangu Jumatatu," alisema, akawageukia ng'ombe wake.

Nimeandika kwenye kitabu cha kamati: tarehe 18, harufu ya moshi, upande wa zizi la Minza.

20 Agosti

Naandika kwa kalamu ya binti yangu Angela. Yangu imeyeyuka mfukoni, au imepotea, sijui.

Saa tano na nusu asubuhi nilikuwa napepeta maharage uani. Upepo ulibadilisha sauti. Kisha nikasikia Minza akipiga kelele kutoka mbali, neno moja tu, moto, moto, kwa sauti ya mtu anayekimbia. Nilipofika upenuni moshi ulikuwa tayari mwekundu kwa chini. Ulikuwa kati ya shamba la Baba na msitu, kwenye zile hatua 210.

Nilipiga kengele ya shule. Walikuja kama watu arobaini. Tulivunja matawi mabichi tukaanza kupiga kutoka pembeni, maana mbele hakusogeleki. Nyasi za Agosti haziungui, zinalipuka. Pale penye barabara ya moto, moto ulifika ukapungukiwa, tukaukanyaga. Pale ambapo hapakulimwa uliingia moja kwa moja, kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Mbega hawakimbii moto kama tohe. Tohe tuliwaona watatu wakipita katikati yetu, karibu wanigonge. Mbega hupanda. Wanadhani juu ni salama, kwa sababu chui na mbwa siku zote hutoka chini. Tuliwaona kwenye mkuyu mkubwa wa katikati, wote wamejikusanya kileleni, na moshi ukawafunika. Walikuwa wakilia. Nimewahesabu miaka mitatu sasa na sauti ile sijawahi kuisikia.

Minza alikuwa mbele yetu sote. Alilowesha gunia kwenye birika la kunyweshea, akawa analipiga chini kwa mikono miwili na kurudi nyuma hatua moja moja, bila kugeuka. Gunia lilipokauka likashika moto. Aliendelea nalo. Felisiani ndiye aliyemvuta kwa nguo. Mkono wake wa kulia umeungua kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko.

Ulizimika saa kumi, ulipofika kijito. Robo tatu ya msitu imekwenda.

Baba mkwe alipiga moto na sisi hadi akatapika. Nimempa uji, amelala.

21 Agosti

Sijahesabu. Siwezi.

22 Agosti

Nimehesabu waliokufa chini ya mkuyu na kwenye miti ya jirani. Kumi na moja. Nimeandika jinsia na makadirio ya umri kama fomu inavyotaka. Wadogo wawili. Sikutazama vizuri kama mmoja ni yule.

25 Agosti, Jumapili

Kamati imekaa. Felisiani aliomba kitabu changu akasoma kwa sauti: tarehe 18, harufu ya moshi, upande wa zizi la Minza. Akakifunga. Hakuna aliyeuliza zaidi. Wamesema pia Minza alionekana na ng'ombe karibu na pale asubuhi ya tarehe 20, tena yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele, na aliujuaje moto mapema hivyo. Ule mkono uliofungwa kitambaa hakuna aliyeutaja.

Jumapili ijayo mkutano wa kijiji utathibitisha. Minza atapewa hadi mvua za kwanza. Nimeandika muhtasari. Mwandiko ni mzuri kama kawaida.

27 Agosti

Timoth amekuja kupima eneo lililoungua. Alinifundisha kuusoma moto kinyumenyume: jiwe huungua upande ule moto ulikotoka, na shina la nyasi vilevile. Unatazama weusi, unafuata. Tulitoka mkuyuni kuelekea kusini mashariki, jiwe hadi jiwe. Nilitegemea tutageukia zizi la Minza. Hatukugeuka. Weusi ulikuwa mwembamba zaidi kila hatua, upana wa nyumba, kisha upana wa mlango, na ukaishia kwenye ukingo wa shamba la Baba.

"Umeanzia hapa," alisema Timoth. "Ng'ombe hupita hapa?"

Nikasema hupita.

Aliandika, akawasha pikipiki maana alikuwa anasubiriwa Matai. Nilibaki peke yangu. Nilipanda kwenye matuta bila kujua natafuta nini. Mstari wa juu, la tatu kutoka ukingoni, tuta moja lilikuwa limebonyea katikati kama chungu kilichopasuka, na kwenye ubavu unaotazama msitu kulikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi. Majivu meupe. Nilitia mkono nikautoa haraka. Siku saba baada ya moto, na ndani bado ni jiko.

Nilisimama pale muda mrefu. Kisha nikachukua jembe la Baba lililokuwa kwenye kichaka, nikabomoa lile tuta, nikatawanya majivu, nikamwagia udongo juu na kulisawazisha na ardhi.

Sijui kwa nini naandika hili. Nadhani ni kwa sababu nimezoea kuandika.

28 Agosti

Nimesoma daftari hili kutoka mwanzo. Tarehe 20 Mei: kavu kama za godoro. Tarehe 28 Juni: matuta yanatosha. Tarehe 16 Agosti.

Kufukiza panya kila mtu hapa anajua. Unachimbua mdomo wa shimo, unaweka kinyesi kikavu cha ng'ombe na nyasi, unawasha, unapuliza moshi ndani, panya wanatokea upande wa pili kwenye mkono wako. Ukimaliza unaziba shimo kwa udongo na unaondoka. Udongo unaua moto. Miaka yote umeua, kwa sababu miaka yote ndani ya tuta mna nyasi zilizooza, zenye unyevu. Mwaka huu tulizika kuni.

Siku nne moto ulikaa humo, unatambaa. Minza alitumia neno hilohilo.

Nilipompelekea Baba chakula cha jioni nilimuuliza, nikitazama chini, kama lile tuta la panya aliliziba vizuri.

"Mama Angela," alisema, "nimefukiza panya kabla mumeo hajazaliwa."

Aliendelea kula, kisha akasema, safari hii taratibu, "Mfipa hachomi nyasi. Anazizika. Wachomaji wanajulikana."

Hakunitazama. Naye alikwisha kwenda shambani mapema. Ameona pale nilipobomoa. Anajua, na anajua kwamba najua, na anadhani nimekwisha kuamua.

30 Agosti

Nimekwenda kwa Minza na mafuta ya nazi kwa ajili ya mkono wake. Tayari anafunga vyombo. Binti yake alikuwa anashusha masufuria kwenye kichanja. Nilimuuliza atakwenda wapi. Alisema labda bondeni, kuelekea ziwani, ambako pia watamwambia kwamba ng'ombe wake wanaharibu.

"Sikuchukii, Katibu," alisema. "Wewe unaandika unachokiona. Ila unaangalia upande mmoja."

Sikuweza kukaa.

31 Agosti

Vitus amerudi kwa wikiendi. Nimemsomea tarehe zote. Alichonga kijiti kisicho na kazi. Akasema: ni baba yangu. Nikasema najua. Akasema: azimio linasema kaya, na kaya ya baba ni sisi. Nikasema najua, mimi ndiye niliyeliandika. Aliniuliza kama nikinyamaza nitaweza kuendelea kuhesabu mbega. Alidhani ananipa njia ya kunyamaza. Ndilo swali lililoamua: nisingeweza.

1 Septemba, Jumapili

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Minza alisimama nyuma, hakukaa. Felisiani alisoma muhtasari wa tarehe 25 na akauliza kama kuna la kuongeza kabla ya kupiga kura. Nilisimama na daftari hili. Nilisema kitabu cha kamati hakina habari zote, nitasoma kingine.

Nilisoma bila kueleza, tarehe na maneno, kama nilivyoandika. Nyasi kavu kama za godoro. Hatua 210 hazikulimwa. Nilipofika "Baba kafukiza panya kwenye matuta ya juu. Saba. Tumekula na ugali wa ulezi," watu wakacheka, mtu akauliza nyuma kwa nini hakualikwa. Nikaendelea. Niliposoma jinsi nilivyotia mkono kwenye tuta siku ya saba, kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilisoma pia kwamba nilibomoa na kufunika. Sentensi hiyo niliirudia.

Watu walimtazama mzee Gaudensi kwenye benchi la mbele. Nilidhani atanikana. Aliinuka polepole, akavua kofia.

"Kati ya wale saba," alisema akinionyesha kwa kofia, "watatu amekula yeye."

Hapakuwa na aliyejua kama acheke. Kisha akasema, "Ni tuta langu. Nililiziba kama siku zote." Akakaa.

Felisiani alikohoa. Alisema jambo hili sasa limebadilika, lilikuwa bahati mbaya, mzee ni mzaliwa, na labda lile azimio la Mei lilikuwa kali mno. Watu wakaanza kuitikia, ndiyo, lilikuwa kali, lifutwe. Ilichukua chini ya dakika mbili. Wakati lilipomhusu Minza lilikuwa limekaa miezi mitatu na nusu bila mtu kuliona kuwa kali.

Minza alizungumza kutoka nyuma. Hakupandisha sauti.

"Msilifute leo. Mnalifuta haraka sana. Kwanza mniambie, kama Katibu angenyamaza, ningekuwa wapi?"

Felisiani akamwambia, mama Kulwa, yaishe.

"Sitaki mzee ahame," alisema Minza. "Nataka mjibu."

Mkutano ulimalizika hivyo, watu wakiokota viti. Nimeandika kwenye muhtasari: swali la Minza halikujibiwa. Felisiani aliniomba niliondoe. Nimeliacha.

2 Septemba

Baba hajala chakula nilichopika. Amekwenda kula kwa binti yake, ng'ambo ya kijito.

15 Septemba

Mbega 17, kwenye kipande kilichobaki. Ukijumlisha 11 niliowaokota ni 28. Wale 3 wengine sijui waliko.

Mtoto simwoni.

29 Septemba

Baba hasemi nami. Nikisema shikamoo, anaitikia marahaba kwa mlango, si kwangu.

1 Oktoba

Mbega 17.

6 Oktoba

Mkutano umefuta azimio la Mei. Jipya linasema: hakuna kufukiza panya kwenye matuta yaliyo karibu na msitu, na matuta hayahesabiwi tena kuwa barabara ya moto. Minza hakuhudhuria. Vyombo vyake amevirudisha kichanjani, lakini ng'ombe anawapitisha upande wa mbali, njia ndefu, ingawa hakuna anayemkataza.

20 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja yanaondoka. Naamka nikinusa hewa.

1 Novemba

Mbega 18. Nimerudia mara nne. Kumi na minane. Ama kuna mmoja aliyekuwa amejificha, ama nilikosea Oktoba. Si mtoto, ni dume kubwa lenye kovu mgongoni.

7 Novemba

Kabla sijawasha jiko Baba alisimama mlangoni akiwa na jembe. Alisema, "Njoo," neno la kwanza kwangu tangu Septemba. Nilimfuata shambani.

Alikuwa anakagua matuta yaliyobaki, moja moja, kabla mvua haijaja. Mkono wake hausikii vizuri tena joto, alisema, ngozi imekufa kwa jembe. Anapasua tuta, anasogea pembeni, mimi natia mkono hadi kwenye bega.

"Vipi?"

"Baridi, Baba."

"Andika."

Sikuwa na daftari. Nilirudi nyumbani mbio nikalileta. Tulikwenda hivyo hadi jua lilipokuwa utosini, yeye anapasua, mimi natia mkono, naandika. Matuta 164. Kwenye tuta la 97 nilisita, kwa kuwa ndani palikuwa na uvuguvugu. Aliniona. Alipiga magoti akaingiza mkono wake mwenyewe, mkono aliosema hausikii, akauacha humo kwa muda mrefu akitazama mkuyu uliokauka.

"Ni jua tu," nilisema. "Limepiga upande huu."

"Usiandike jua," alisema. "Andika uvuguvugu. Kisha nenda kamwite Minza. Yeye alinusa kabla yetu."